Nakuru hadi Ziwa Turkana kwa gari: jinsi ya kushuka na kupanda Kerio na Marich bila kuua breki wala injini

Kutoka Nakuru hadi Lodwar kwa kuzunguka Marigat, Kabarnet, Iten na Kapenguria ni takriban kilomita 600. Mtu aliyezoea barabara ya Nairobi hadi Mombasa husikia umbali huo akasema ni safari ya siku moja. Si ya siku moja, na sababu si wingi wa kilomita. Angalia mita za mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Marigat unashuka hadi kama 1,070. Kabarnet unapanda tena hadi 2,000. Daraja la Mto Kerio liko karibu 1,100, Iten 2,400, Makutano ya Kapenguria kama 2,100, kisha Marich chini ya 1,000, Lodwar kama 500, na Ziwa Turkana lenyewe karibu 360. Kila mteremko hapo unakula breki, kila mpando unapika injini, na dereva anatoka kwenye baridi ya koti na kuingia kwenye joto la kuvua shati ndani ya saa moja.

Kwa hiyo ipange safari hii kwa miinuko. Mpango unaofanya kazi ni siku tano za kwenda na mbili za kurudi:

Siku ya 1: Nakuru, Mogotio, Ziwa Bogoria, Marigat, lala Kabarnet.
Siku ya 2: Kabarnet, Chebloch, Tambach, lala Iten. Ni kilomita 55 tu, na zinastahili siku nzima.
Siku ya 3: Iten, Eldoret, Kitale, lala Makutano.
Siku ya 4: Makutano, Marich, Kainuk, Lokichar, Lodwar.
Siku ya 5: Lodwar hadi Kalokol na kurudi Lodwar.

Anayetoka Kisumu apitie Chavakali na Kapsabet hadi Eldoret, kisha Iten, na siku ya pili ashuke hadi Chebloch na kupanda kurudi Iten. Hatapata Bogoria, lakini atapita nchi ya Wanandi, ambako Koitalel arap Samoei aliuawa na Waingereza tarehe 19 Oktoba 1905 baada ya kuwapinga kwa miaka mingi. Makumbusho yenye jina lake yako Nandi Hills.

Gari: kinachokaguliwa wiki moja kabla

Usikague gari asubuhi ya safari. Fundi akigundua tatizo saa moja asubuhi, utaondoka nalo hivyo hivyo.

Anza na mafuta ya breki. Watu hubadilisha oili ya injini kila mara na kusahau haya kwa miaka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 huchemka yakifika nyuzi 230 au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi karibu 155. Kwenye mteremko mrefu breki hufikia joto hilo kwa urahisi. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Kama hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishe yote na utoe hewa kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne. Kuongezea kidogo juu hakusaidii kitu, kwa sababu yale ya zamani bado yamo kwenye mabomba. Pedi za breki zikiwa chini ya milimita 4, weka mpya, kisha zizoeze kwa siku mbili tatu mjini kabla ya kuzipeleka Kerio.

Kisha mfumo wa kupoza injini. Mwambie fundi akuonyeshe thamostati, yaani vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini. Mafundi wengi huitoa gari likianza kuchemka, na gari linaonekana limepona. Ukweli ni kwamba ugonjwa umefichwa tu: rejeta iliyoziba, kifuniko kilicholegea au pampu ya maji iliyochoka bado ipo, na mpando wa Tambach utaifichua. Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kwa sababu ya bei yake ndogo, ila ndicho kinachotunza presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Iten maji ya kawaida huchemka karibu nyuzi 92, si 100. Kifuniko kilichochoka kule juu kitakumwagia maji hata kama injini ni nzima. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji matupu hula rejeta kwa kutu na huchemka mapema.

Tairi zitazame ubavuni. Kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi kuukuu huweza kuwa na meno mazuri na bado ikapasuka, kwa sababu mpira hukauka na kushika nyufa. Ikipita miaka sita, usiipeleke Turkana. Spea nayo ijazwe upepo na ikaguliwe umri, maana mara nyingi ndiyo tairi kongwe kuliko zote.

Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukijaza Iten kukiwa na nyuzi 12 kisha ukafika Lodwar kwenye nyuzi 37, presha itapanda kwa psi 4 au 5 kwa joto la hewa pekee, na msuguano wa lami utaongeza nyingine. Hilo ni jambo la kawaida. Usipunguze upepo wa tairi ya moto, kwa sababu ikipoa itabaki laini, na tairi laini ndiyo inayopata moto na kupasuka.

Vya kubeba: jeki na kibao cha kuiweka juu yake kwenye mchanga, spana ya magurudumu inayoingia kweli kwenye nati zako (ijaribu nyumbani), pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, vijiti vya kuzibia pancha, feni belti ya akiba, hosi ya juu ya rejeta na klipu zake, waya, lita 10 za maji ya gari, na lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa kila siku ya jangwani. Ongeza tochi, vibao viwili vya pembetatu, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza. Gari dogo la kawaida linafika Lodwar likiwa na afya njema, ila lenye tumbo la juu huteseka kidogo zaidi.

Nakuru hadi Marigat

Sehemu hii ni rahisi, na urahisi wake ndio hatari yake: lami imenyooka, mguu unazidi kuwa mzito, halafu tuta lisilochorwa rangi linatokea mbele ya soko. Pale Mogotio unavuka ikweta. Simama upige picha, lakini egesha nje kabisa ya lami.

Kama una saa moja kabla ya kutoka mjini, pitia Hyrax Hill. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, na mabaki ya makazi na makaburi bado yanaonekana kilimani.

Njia ya Bogoria inakatia kulia kabla ya kuingia Marigat, kuelekea lango la Loboi. Ziwa limepanda sana katika miaka ya karibuni na kumeza sehemu za barabara ya ndani, kwa hiyo muulize askari wa langoni unaweza kufika wapi siku hiyo. Chemchemi za maji moto zinakaribia joto la kuchemka. Ukingo wake ni ukoko mwembamba juu ya tope la moto, na mguu unaweza kuupasua. Simama mahali penye mwamba, na mshike mtoto mkono muda wote. Flamingo wanakuja na kuondoka kufuata chakula, kwa hiyo usimuahidi mtu kwamba atawaona. Wazungu wa zamani waliliita ziwa hili kwa jina la Askofu James Hannington, aliyepita hapa mwaka 1885, miezi michache kabla ya kuuawa Busoga.

Marigat jaza mafuta na ununue asali, ila usiegeshe chini ya mathenge. Mti huu uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na sasa umefunika mashamba na malisho. Mwiba wake ni mrefu, mgumu, na hupenya tairi hata ubavuni, mahali ambapo pancha haizibiki. Matawi makavu yaliyokatwa na kuachwa kando ya njia ndiyo mabaya zaidi. Ukilazimika kutoka nje ya lami, mtu ashuke atangulie kwa miguu.

Ukifuata nyanda hizi unapita njia ya misafara. Karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipumzika kusini mwa Ziwa Baringo, kwa Wailchamus, kununua nafaka kabla ya kuelekea kaskazini kutafuta pembe za ndovu. Wailchamus waliweza kuwauzia kwa sababu walikuwa na mifereji ya kumwagilia mashamba. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883, akavuka milima hii hii unayokwenda kuivuka.

Kupanda Kabarnet

Marigat hadi Kabarnet ni kilomita kama 40 na mpando wa zaidi ya mita 900. Gari lisilo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Shuka gia mapema, kabla injini haijaanza kugonga. Sindano ya joto ikivuka katikati, zima AC. Ikiendelea kupanda, washa hita kwa nguvu zote na fungua madirisha. Inaudhi, lakini hita ni rejeta ya pili na hukuokoa kilomita zile mbili za mwisho.

Ikifika kwenye nyekundu, toka barabarani. Acha injini izunguke taratibu kwa dakika moja au mbili kama maji bado yamo. Kama yamemwagika, izime mara moja. Fungua boneti na usiguse kifuniko cha rejeta kwa nusu saa. Ukikifungua mapema, maji yaliyokuwa chini ya presha hulipuka usoni. Ukimwaga maji baridi kwenye injini kavu ya moto, silinda hedi hupasuka au hupinda, na hapo safari imekwisha. Ngoja, kisha ongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka.

Milima hii ya Tugen ndiko yalikopatikana, mwaka 2000, mabaki ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi miaka karibu milioni 6 iliyopita. Waliotangaza ugunduzi huo ni Brigitte Senut na Martin Pickford. Makumbusho ya Kabarnet yamo katika nyumba aliyokuwa akikaa mkuu wa wilaya. Yatembelee jioni hiyo, kwa sababu kesho macho yako yote yatakuwa barabarani.

Kushuka Kerio: hapa ndipo pa kujifunza

Ukiweza kushuka Kabarnet hadi Mto Kerio vizuri, utaweza mteremko mwingine wowote wa safari hii. Ni karibu mita 900 za kushuka kwa kona zinazofuatana, na bonde lote limefunguka mbele yako hadi ukuta wa Elgeyo upande wa pili. Dereva asitazame. Kuna mahali pa kusimama, na atayaona yote akiwa amezima gari.

Chagua gia kabla ya mteremko kuanza. Kanuni ya wazee wa malori bado ni sahihi: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kwa gari dogo la gia za mkono ni ya tatu, na kwenye kona kali ni ya pili. Gari la otomatiki lina 2, L, S au alama ya kujumlisha na kutoa. Itumie. Ukiliacha kwenye D, litapanda gia lenyewe na kukukimbiza. Injini itanguruma kwenye mizunguko 3,000 au zaidi na abiria watadhani inaumia. Haiumii, maana mguu hauko kwenye mafuta.

Breki zikanyagwe kwa nguvu na kwa muda mfupi. Mwendo ukifika 50, kanyaga hadi ufike 35, kisha achia kabisa. Muda ule wa kuachia ndio breki zinapopoa. Anayeweka mguu juu ya pedali kidogo kidogo kutoka juu hadi chini hazipi nafasi hata ya dakika moja, naye ndiye utakayemkuta kando ya njia na moshi ukitoka gurudumuni. Usiweke nyutro hata kidogo. Mafuta unayodhani unaokoa hayapo, kwa sababu gari la kisasa likiwa kwenye gia bila mguu hukata mafuta lenyewe.

Dalili huja kwa mpangilio huu: kwanza harufu kali kama ya mpira na chuma vikiungua, kisha pedali inakuwa ngumu lakini gari halishiki, na mwisho pedali inalainika na kuzama. Harufu ikianza, simama mahali tambarare wakati bado unaweza. Usivute breki ya mkono zikiwa na moto mkali, kwa sababu hung'ang'ania au hupinda ngoma. Tia gia ya kwanza, au P kwa otomatiki, na uweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Subiri nusu saa. Usizimwagie maji. Unapoondoka, yaondoe mawe hayo barabarani, kwa sababu jiwe lililoachwa kwenye kona linamngoja mtu wa pikipiki usiku. Ukiona matawi mabichi yamepangwa kwenye lami, punguza mwendo mara moja: kuna gari limekufa mbele, pengine nyuma tu ya kona.

Chini kabisa ni Chebloch, mahali Mto Kerio unapojibana ndani ya korongo jembamba la mwamba. Vijana wa hapo huruka majini kutoka juu. Wanajua kina na wanajua mamba wako wapi. Wewe hujui, kwa hiyo tazama tu. Ukitaka picha, kubaliana bei kwanza. Gusa upepo wa karibu na rimu kwa mgongo wa mkono bila kushika chuma: joto likiwa sawa magurudumu yote, umeshuka vizuri. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mengine, breki yake inang'ang'ania na inahitaji fundi Iten.

Msimu wa maembe ukifika, nunua hapa bondeni. Juu Iten utayapata ghali zaidi.

Kaskazini mwa hapa, kuelekea Tot, Wamarakwet wana mifereji ya maji iliyochongwa ukutani mwa milima vizazi vingi vilivyopita, na bado inamwagilia mashamba. Ni kazi ya ajabu ya mikono. Lakini upande huo umeumizwa sana na wizi wa mifugo wa kutumia silaha, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa kaskazini. Usishuke Tot kwa sababu tu ramani ya simu imekuonyesha njia. Nenda ukiwa na mwenyeji na ukiwa umeuliza kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Mpando kutoka Mto Kerio kupitia Tambach hadi Iten ni zaidi ya mita 1,200 ndani ya kilomita kama 30. Anza kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, bonde likiwa limepoa. Yaliyosemwa kuhusu Kabarnet yanafaa hapa mara mbili.

Iten asubuhi barabara ni ya wanariadha. Wanakimbia kwa makundi kuanzia alfajiri, mara nyingi kukiwa na ukungu. Washa taa, nenda polepole, na usiwapigie honi. Usiku hapa ni baridi ya kweli, na wengine hushikwa na kichwa kwa sababu ya mwinuko. Kunywa maji na ulale mapema.

Kapenguria

Iten hadi Eldoret, Kitale na Makutano ni lami ya kawaida, malori mengi, na hakuna cha kukusumbua isipokuwa haraka za wengine. Eldoret ndipo mahali pa mwisho pa kupata spea za aina nyingi, kwa hiyo kama kuna mlio usiouelewa, umalize hapo. Kitale kuna makumbusho yaliyotokana na mkusanyiko ulioanzishwa na Hugh Stoneham mwaka 1926.

Kapenguria usipite bila kusimama. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walishtakiwa hapa baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni iliwaleta huku makusudi: palikuwa mbali na reli na mbali na umati wa Nairobi, na hata mahakama ilibidi iwe darasa la shule. Wakili Mwingereza D. N. Pritt aliongoza utetezi. Tarehe 8 Aprili 1953 Jaji Ransley Thacker aliwahukumu miaka saba ya kazi ngumu. Vyumba vyao vya jela ndivyo makumbusho ya leo. Ingia ndani ya kimoja, simama, nyoosha mikono. Tenga saa moja na nusu, na umpe nafasi mwelekezaji aseme.

Baada ya hukumu walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, na Kenyatta alipomaliza kifungo mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar chini ya amri ya kutotoka. Barabara utakayoshika kesho asubuhi inaelekea huko huko.

Makutano hadi Lodwar

Jioni ya siku ya tatu fanya mambo mawili. Jaza tangi hadi juu: Lodwar ni kilomita kama 255, kuna mafuta Lokichar, lakini usiyategemee. Kisha nenda kituo cha polisi uulize hali ya Marich na Kainuk. Uliza na wenye matatu za Lodwar stendi, maana wao wamepita leo. Wakisema subiri, subiri. Wakisema njia ni salama, ondoka saa moja asubuhi ili uwe umevuka Kainuk kabla ya adhuhuri, fuatana na magari mengine, na usisafiri baada ya saa kumi jioni. Kwenye kizuizi cha polisi barabarani jibu maswali kwa heshima, na usipige picha askari.

Mteremko unaanza Kamatira na kuendelea kupitia Chepareria na Ortum hadi Marich, ambako Mto Moruny umepasua njia kati ya milima ya Cherangani na Sekerr. Kilele cha Mtelo, mita zaidi ya 3,300, kiko kushoto kwako. Ni nchi nzuri kuliko zote za safari hii, na udongo wake haushiki. Novemba 2019 maporomoko yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi na kukata barabara na madaraja. Mvua ikinyesha usiku kucha, usiingie hapa asubuhi. Ukikuta mawe mapya kwenye lami au maji ya mto yamegeuka kuwa tope zito, mlima unatembea. Geuza gari.

Baada ya Marich unatoka kwenye kivuli cha milima na jangwa linaanza. Kipande cha Kainuk hadi Lokichar kimesumbua wasafiri miaka mingi kwa mashimo. Kwenye lami iliyoliwa, nenda 40 na usikwepe shimo kwa ghafla, maana gari linalokuja nalo linakwepa lake. Bwawa la Turkwel, ukuta wa mita 153 uliokamilika mwaka 1991, liko magharibi na linahitaji ruhusa, kwa hiyo iombe mapema au lipite.

Jambo linaloua watu hapa ni laga, yaani mito mikavu ya mchanga. Mvua hunyesha Cherangani, mbali nawe, na maji yanakufikia chini ya anga jeupe. Kwanza unasikia mngurumo, kisha ukuta wa maji ya udongo uliobeba magogo. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo, na sentimita 60 hubeba hata gari kubwa. Usiingie kwa sababu lori limeingia. Chomeka kijiti ukingoni na utazame: maji yakishuka, subiri. Mengi hupungua ndani ya saa chache. Usiegeshe wala kulala ndani ya laga hata kama kivuli chake kinavutia.

Mbuzi wakivuka, simama hadi wa mwisho, kwa sababu mmoja akivuka wote watamfuata. Ngamia ni mrefu: ukimgonga, miguu inakatika na mwili unakuja kwenye kioo. Usivae koti la ushujaa na usiache maji kuisha: kichwa kikiuma na mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Usikae juu ya kichuguu wala kulala kando yake, hasa jioni, kwa sababu vijidudu vinavyoeneza ugonjwa wa kala-azar huishi humo. Malaria ipo bondeni kote, Baringo hadi Turkana, kwa hiyo beba chandarua.

Kalokol na ziwa

Lodwar jaza mafuta na maji, uwe na pesa taslimu kidogo kwa siku ambayo mtandao umelala, na uondoke asubuhi. Kalokol ni kilomita kama 60. Kabla ya kufika, kando ya barabara, utaona Namoratunga, nguzo za mawe meusi zilizosimamishwa ardhini. Utafiti unazihusisha na wafugaji wa kwanza wa eneo hili, miaka kati ya 5,000 na 4,000 iliyopita. Wenyeji wa Turkana husimulia kwamba ni watu waliogeuka mawe. Usipande juu yake, usihamishe jiwe.

Ukitoka kwenye lami kuelekea ufukweni unaingia kwenye mchanga. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne (4x4) lipunguze upepo hadi psi 20, tumia gia ya chini, usisimame katikati, na ukikwama usizungushe magurudumu: kila mzunguko unachimba. Fukua mchanga mbele ya tairi zote nne, weka vibao au mikeka, toka taratibu. Jaza upepo tena kabla ya kurudi lamini. Gari dogo liache kijijini na utembee.

Maji ya ziwa si ya kunywa, na mamba wapo. Mashua ya kwenda Kisiwa cha Kati iwe na vesti za kuokolea kwa kila abiria. Upepo hapa huamka ghafla, na nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze kwa pesa.

Kurudi

Rudi Lodwar hadi Kitale siku moja, Kitale hadi Nakuru kupitia Eldoret siku ya pili. Mpando wa Marich hadi Kamatira utaukuta mchana, injini ikiwa imetoka kwenye joto la nyuzi 37, kwa hiyo pumzisha gari Ortum dakika 20 kabla ya kuendelea. Ukifika nyumbani, badilisha au pulizia kichujio cha hewa, maana kitakuwa kimejaa vumbi la Turkana, pima unene wa pedi, na utazame chini ya gari kama kuna hosi iliyokatwa na jiwe. Miiba ya mathenge huweza kukaa ndani ya tairi wiki mbili kabla ya kufika hewani, basi pitisha mkono kwenye tairi zote nne na uing'oe kwa koleo ukiwa karibu na fundi wa pancha.